LUSHOTO: JOTO NDANI, MOSHI NJE!

Mpenzi msomaji, wewe uliyezoea kulala na feni inazunguka juu ya kichwa na bado unageuza mto kutafuta upande wenye ubaridi, hebu nikuulize. Umewahi kukaa ndani ya gari saa nane usiku, umevaa suruali mbili, soksi jozi tatu, sweta la mtumba na koti la mvua juu yake, na bado meno yanagongana kama sahani za mgahawani? Kama hujawahi, basi hujalala Lushoto mwezi wa saba.

Mimi nimelala. Tena mara mbili. Mara ya kwanza nusura nife kwa ujinga, mara ya pili nusura nife kwa kujifanya mjanja. Leo nakupa mkasa wote, maana najua vijana wa mjini siku hizi mmeshika mtindo wa kupanda milimani na magari, mahema na spika za muziki. Safi sana. Lakini msikilizeni kwanza mwenzenu aliyetangulia.

KIPANYA KILICHOSTAAFU

Mshikaji wangu mmoja, jina namhifadhi kwa sababu mchumba wake anasoma gazeti hili, alinunua Hiace ya dizeli. Usidhani ni Hiace ya kishua. Hapana bwana! Ni kipanya kabisa, ile daladala ambayo wengi wetu tumesomea tukiwa tumesimama, shingo imepinda, kwapa la mtu liko puani. Kilipostaafu kubeba abiria, mshikaji akang'oa viti vyote, akapigilia kitanda cha mbao, akaweka godoro, mapazia ya kanga, jiko dogo la gesi na ndoo mbili za maji. Akakiita "nyumba yangu isiyo na kodi".

Mwaka jana, mwezi wa saba, tukasema twende tukaijaribu nyumba. Tukaondoka Dar alfajiri, tukaipita Chalinze, Segera tukanunua machungwa, Korogwe tukanywa chai, na mchana tuko Mombo tunajipepea na gazeti. Mombo iko chini, mita kama 400 tu kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni lile lile la Kariakoo. Hapo unaiacha barabara kuu ya Arusha, unakata kulia, unaanza kupanda.

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 tu. Lakini ndani ya hizo 33 unapanda mita zipatazo 1,000! Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na mto unanguruma huko chini. Kona moja haijaisha nyingine imeanza. Malori ya kabichi na karoti yanateremka yakipiga honi, na dereva wa kipanya anajikuta anasali dini zote kwa pamoja. Ukifika Soni, penye maporomoko ya maji, unasikia kitu kinaingia dirishani. Ni ubaridi. Unafunga kioo kidogo. Ukifika Lushoto umefunga vyote.

Tukashusha nanga upande wa Yoghoi, njia ya kwenda Irente, uwanjani kwa bibi mmoja wa Kisambaa aliyetukubalia tuegeshe gari kwa malipo ya kilo mbili za sukari na soga za Dar. Jioni tukachoma nyama kwa jiko la mkaa, tukacheka, tukapiga picha na ukungu. Maisha si ndiyo haya!

Saa nne usiku kicheko kiliisha.

JIKO LINAINGIA NDANI

Jamani, bati la gari halina huruma. Nyumba ya udongo inatunza joto la mchana. Bati linalitoa nje lote. Usiku wa mwezi wa saba Lushoto joto huteremka hadi karibu nyuzi 10, na ukipanda juu kuelekea Magamba hupungua zaidi. Kwa Mzungu hiyo ni hali ya kawaida. Kwa mtu wa Mbagala hiyo ni friji.

Halafu kuna jambo hatukulijua. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa, pumzi zao zinageuka maji. Vioo vikaanza kulia, dari ikadondosha matone, blanketi likawa kama limefuliwa. Ilipofika saa nane mshikaji akakaa kitako.

"Oya, lile jiko bado lina makaa?"

Nikachungulia nje. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, hayana hata moshi. Na hapo ndipo mtego ulipo, msomaji wangu. Tunadhani kinachoua ni moshi. Tukiona makaa yamekolea na hayatoi moshi tunasema salama. Tukatoka, tukalishika jiko kila mtu upande wake kama tunabeba jeneza dogo, tukaelekea mlangoni.

Tochi ikatumulika usoni.

"Nyie wajukuu, hilo jiko mnalipeleka wapi?"

"Shikamoo bibi. Ndani bibi, baridi imezidi."

"Ndani humo? Na milango mtafunga?"

"Tutafunga bibi, si ndiyo joto lisitoke."

Bibi hata marahaba hakuitikia. Akatutazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu: "Basi niandikieni kabisa namba za simu za mama zenu. Ili asubuhi nisipate tabu ya kuwatafuta, niwaambie waje na sanda."

Jiko tuliliweka chini hapo hapo. Akatuletea mablanketi mawili mazito yanayonuka kabati, chupa mbili za maji ya moto za kuweka miguuni, na maboksi ya kutandika chini ya godoro. Hatukulala vizuri, lakini tuliamka. Kuamka ndiko muhimu.

NYUMBA ZA WAZEE WA ZAMANI

Asubuhi tukatembea mjini kutafuta jua na chai. Lushoto ni mji mdogo mzuri, mikaratusi mirefu, soko limejaa mapeasi na matunda damu msimu wake, na katikati unakutana na majengo ya zamani ambayo ukiyatazama unaona hayakujengwa na mtu aliyekuwa anawaza Tanga mjini. Wajerumani walipokuja huku mji waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo walipanda milimani kukimbia joto na mbu wa pwani. Waingereza nao walipowarithi wakaendelea na mtindo huo huo.

Sasa kilichonishtua ni mapaa. Nyumba kadhaa za zamani zina dohani, bomba la moshi la matofali linalochomoza juu ya paa. Mtoto wa Dar anaona pambo tu. Lakini baada ya usiku ule nilisimama nikalitazama bomba lile kama natazama picha ya mkombozi. Kumbe siri yote iko hapo! Moto uko ndani, joto linabaki ndani, moshi una njia yake ya kutoka. Njia ya joto na njia ya moshi hazikutani.

Mshikaji akasema: "Mwanangu, kipanya kinahitaji dohani."

Nikadhani anatania.

GEREZANI WANATUCHEKA

Kumbe mambo hayo yapo. Madereva wa malori wa Ulaya wanaolala barabarani kwenye theluji wana hita za dizeli, na makampuni mawili ya Kijerumani, Webasto na Eberspächer, yamejijengea jina kwa kazi hiyo. Siku hizi na Wachina wanatengeneza za kwao za bei nafuu. Mshikaji akaagiza moja, ikaja na mizigo ya China: kiboksi cha ukubwa wa redio kaseti ya zamani, pampu ndogo, nyaya, mabomba na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kiingereza cha kubahatisha.

Tukaipeleka Gerezani kwa fundi. Jua la saa saba, nyuzi 32, shati limegandia mgongoni, na sisi tunaomba tufungiwe mashine ya kuleta joto. Mafundi waliacha kazi wakaja kutushangaa. "Kaka, Bongo hii unatafuta joto la nini? Si ukae tu hapo kwenye bati!"

Nikueleze kidogo inavyofanya kazi, maana ukiielewa hutauawa nayo. Ndani ya kile kiboksi kuna chumba kidogo cha chuma. Pampu inaleta dizeli tone kwa tone, utaisikia tik, tik, tik. Kuna kiplagi kinachoiva kikawa chekundu na kuiwasha. Hewa ya kuwashia moto ule inavutwa kutoka nje, chini ya gari, kwa bomba lake. Moshi unatoka kwa bomba lingine la chuma, nao unakwenda nje, chini ya gari. Hiyo ndiyo familia ya kwanza: hewa ya nje, moto, moshi, nje tena.

Familia ya pili ni hewa unayovuta wewe. Feni inainyonya kutoka ndani ya gari, inaipitisha juu ya mapezi ya kile chuma cha moto, inairudisha ndani ikiwa kavu na vuguvugu. Hizo familia mbili ni majirani wa ukuta mmoja, lakini hawatembeleani. Wakianza kutembeleana tu, umekwisha.

Kula yake si kubwa. Kwa moto mdogo haifiki robo lita ya dizeli kwa saa, kwa hiyo usiku mzima wa saa 8 hauzidi lita 2. Umeme ndio una mikogo yake: wakati wa kuwaka inavuta kama ampea 10 kwa dakika kadhaa kwa sababu ya kile kiplagi, ikishashika inatulia kwenye ampea moja au mbili. Kwa hiyo nyaya ziwe nene, zitoke moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, na ikiwezekana uwe na betri ya pili, la sivyo asubuhi utaamka na joto lakini gari haliwaki, mtasukuma kipanya kwenye mlima wa Irente na hamtasahau.

Fundi akatoboa sakafu, akafunga kiboksi chini ya kitanda, akaweka kidumu cha dizeli nje kwa nyuma. Tukawasha. Dakika kumi tu ndani ya gari ni tanuri! Mshikaji akatoka anachuruzika jasho akishangilia kama Simba wamefunga. Fundi akapokea chake. Hakuna aliyeinama chini kutazama ule mkia wa bomba la moshi umeishia wapi. Milango yote ilikuwa wazi, Gerezani kuna moshi wa kila aina, nani angenusa?

Mtu mmoja tu ndiye hakufurahi. Dada yake mshikaji ni nesi. Alisema: "Kama hamnunui na king'ora cha gesi, funguo za gari nakaa nazo mimi." Tukanunua kwa shingo upande, kijidude cha plastiki cha kutundika ukutani.

KING'ORA SAA SABA USIKU

Mwezi wa saba mwaka huu tukapanda tena. Uwanja ule ule, bibi yule yule, safari hii tumemletea sukari kilo nne na kanga. Saa tatu usiku tukawasha hita. Kwanza ikatoa moshi mweupe, baadaye ukakoma, tik, tik, tik, na baada ya robo saa nikavua sweta. Nikavua sweta Lushoto usiku! Vioo vikakauka vyenyewe. Mshikaji akalala na singlendi, mikono kaiweka nyuma ya kichwa kama waziri.

Saa saba nikazinduliwa na mlio mkali. Kichwa kinaniuma, kizito, kama nimekesha baa, na sikuwa nimegusa kitu. Mshikaji naye kaamka nusu nusu, anapapasa ukutani.

"Toa betri hiyo takataka, inatunyima usingizi. Si unajua vitu vya bei rahisi."

Na mimi, nakiri mbele yako msomaji, nilinyoosha mkono kuitoa. Usingizi ulikuwa mtamu, wa ajabu, unavuta kama mchanga wa bahari. Kilichoniokoa ni kwamba nilikumbuka sauti ya bibi: waje na sanda. Nikausukuma mlango kwa mguu. Ulipofunguka nikataka kuruka, magoti yakagoma, nikatua kwenye nyasi kama gunia la viazi. Nikamvuta mshikaji kwa singlendi yake hadi nje. Baada ya kuvuta hewa ndipo akanyoosha mkono akazima swichi.

Tukainama na tochi. Lo! Mkia wa bomba la moshi umeishia chini kabisa ya mlango wa kuvuta, umeelekea juu kidogo kama unaomba kuingia. Na mlango wenyewe ni mlango wa kipanya! Mlango uliobamizwa na makonda maelfu ya mara, mpira umeliwa, pembeni unapitisha vidole viwili. Mapema upepo ulikuwa unaupeleka moshi pembeni. Usiku ukageuka, ukaurudisha kwetu.

Gesi yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inatoka kwenye mkaa, kwenye ekzosi ya gari, kwenye jenereta, popote moto unapokosa hewa ya kutosha. Ikiingia mapafuni inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi chochote cha kukusaidia. Unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Usingizi huo ndio mbaya. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwenye hewa safi na umwahishe hospitali, hata kama anakwambia amepata nafuu. Sisi dada nesi alituambia kwa simu, kwa maneno ambayo mhariri hatakubali kuyachapa, na tukaenda.

FUNDI WA BODABODA

Kesho yake mjini tukamtafuta fundi wa kuchomelea. Tukampata kijana mmoja anayetengeneza ekzosi za bodaboda. Hita ya dizeli hakuwahi kuiona maishani. Akalala chini ya gari dakika kumi, akachomoka.

"Aliyewafungia hii anataka gari au anataka roho zenu?"

Akalikata bomba, akaliunganisha na jingine la chuma, akalipeleka upande wa kulia ambako kipanya hakina mlango, akalitokeza nje ya ukingo wa bodi na kulielekeza chini na nyuma. Kila kiungo akakiweka chini ya gari, hakuna hata kimoja kilichobaki ndani. Akaziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kibichi sekunde chache huku akipitisha mkono kwenye viungo kutafuta panapovuja. Penye tundu la sakafu akaweka bati na gasketi, si gundi, maana bomba lile linaiva moto. Mlango akauwekea mpira mpya. Akatuonya pia tusiegeshe juu ya nyasi kavu ndefu, kwa sababu bomba hilo linaweza kuwasha shamba la watu.

Kisha akatuonyesha kidole chake. Cheusi tititi, kimejaa masizi.

"Halafu hii mashine yenu inakohoa. Mmeileta kutoka chini bila kuirekebisha. Pikipiki zinazotoka Dar nazo hukohoa hivi hivi."

Kijana yule hakusoma chuo, lakini alisema kweli. Lushoto mjini iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar. Mashine iliyozoea pwani inaendelea kumwaga dizeli ile ile wakati hewa imepungua, kwa hiyo moto hauungui vizuri, masizi yanajaa na ile gesi mbaya inaongezeka. Tukafungua ile karatasi ya Kiingereza cha kubahatisha, tukakuta sehemu ya kupunguza mapigo ya pampu. Tukapunguza. Moshi ukawa hauonekani.

Na kabla ya kuizima, alisema, ipe moto mkubwa dakika kama kumi ijisafishe masizi. Ukishabonyeza swichi usichomoe waya wa betri. Iache feni izunguke hadi ikome yenyewe, la sivyo chuma kinabaki na joto bila kupozwa, kinaharibika.

BIBI ANAKAGUA

Usiku wa mwisho tuliwasha tena. Siwezi kudanganya, niliogopa. Nikakiweka king'ora karibu na kichwa, nikaacha dirisha la kushoto wazi upana wa kidole. Hita ikapiga tik, tik, tik hadi alfajiri na king'ora hakikusema neno. Vioo vikavu, blanketi kavu. Kwa mara ya kwanza nililala Lushoto kama mtu na si kama samaki wa kugandishwa.

Saa kumi na mbili asubuhi mlango ukagongwa. Bibi, kajifunika shuka, ameshika kikombe cha chai.

"Mna saa ya ukutani humo? Usiku kucha naisikia tik tik."

Tukamkaribisha ndani. Akakaa kwenye ncha ya kitanda, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa ya moto. Akakaa kimya. Nilitegemea atasifu. Badala yake akauliza:

"Moshi unatokea wapi?"

Mshikaji akampeleka nje, akamwonyesha bomba upande wa kulia. Bibi akainama na umri wake ule, akalitazama, akatazama mlango, akapima kwa macho umbali kati ya viwili hivyo. Kisha akainuka.

"Haya. Hili lina njia yake."

Ndipo akatueleza, akiwa amesimama pale kwenye umande, kwamba mdogo wake wa kiume walimkuta asubuhi moja ya mwezi wa saba, zamani, amelala ubavu kama mtu anayeota ndoto njema. Jiko pembeni limezimika. Dirisha alikuwa amelijaza matambara ili upepo usimpate mtoto. Mtoto naye hakuamka.

Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza. Mshikaji, ambaye humnyamazishi hata msibani, alitazama viatu vyake.

"Sasa zimeni hicho kitu," bibi akasema, "mnakaa ndani wakati jua linatoka. Nendeni Irente."

Tukazima, tukasubiri feni ikome, tukaenda. Pale ukingoni mwamba unakatika ghafla, na chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, barabara ya Arusha imekuwa uzi mwembamba, na tambarare ya Wamasai inaenda mpaka macho yachoke. Huko chini watu tayari wanajipepea. Wewe juu unatoa mvuke mdomoni. Kama hujapaona, panga nauli.

Nawe ukienda, chukua haya kutoka kwangu. Huna hita? Hakuna ubaya. Mablanketi mawili, maboksi chini ya godoro, chupa ya maji ya moto na soksi kavu vinatosha, na dirisha lisifungwe lote. Una hita? Inama ulitazame bomba mwenyewe, usiku na mchana, hata kama fundi ni shemeji yako. Nunua king'ora, na kikilia usikibishie. Lakini jiko la mkaa, liwe la nyama, la mahindi au la makaa mazuri yasiyo na moshi, mwisho wake ni mlangoni. Halilali na watu.

Wiki ijayo nikijaaliwa nitakupeleka Mtae, mwisho wa milima. Mshikaji kasema gari liko tayari. Nimemwambia nitakuja kulikagua mwenyewe, chini kwa chini, na tochi.

Alamsiki!